Kuku na bata wanaotupwa stendi Tabora tuwachukue

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniuma kila ninapopita stendi hapa Tabora mjini.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na walijua walisemalo, maana kuku mgeni akiachiwa siku ya kwanza hupotea. Kamba ninayoisema mimi ni nyingine. Ni uzi wa kiroba anaofungwa miguu yote miwili kijijini, kisha ananing'inizwa kichwa chini kwenye baiskeli au bodaboda pamoja na wenzake kumi na zaidi, mpaka mjini. Anayefika mguu umevunjika au bawa limelegea hanunuliki. Mchuuzi humweka kando juani, na jioni huondoka amemwacha pale pale.

Mwaka jana niliokota tetea mmoja wa namna hiyo, mwekundu, mwenye kishungi. Nilidhani kamba imeshakatwa. Nilipomwosha mguu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi ndipo nikaona uzi umezama ndani ya nyama na ngozi imeanza kuota juu yake. Nilitumia wembe mpya na kibano, nusu saa nzima, naye katulia mapajani kwangu kama mtoto anayetolewa mwiba. Leo anachechemea, lakini kutwa anapekua chini ya mwembe, na chakula chake ni pumba, dagaa kidogo na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) iliyobaki.

Majirani waliniuliza nitamchinja lini. Mimi nakula kuku, wala sina ugomvi na anayemchinjia mgeni wake. Unyamwezini hiyo ni heshima. Ila huyu nilimwokota ili aishi. Kuku akitunzwa hufika miaka 8, hata 10. Mbwa tunamfuga mpaka anazeeka na hakuna anayeshangaa, kwa nini kuku awe kichekesho?

Wapo pia kuku wa mayai. Kuku wa kisasa hutaga mayai karibu 300 kwa mwaka, wakati kuku mwitu wa Asia ambaye ndiye asili yao hutaga 10 hadi 15 tu. Maganda yote hayo yanataka chokaa, na asipoipata ya kutosha kwenye chakula huichota katika mifupa yake mwenyewe. Akifikisha kama mwaka na nusu utagaji hushuka, mfugaji anamwondoa, naye anatoka bandani manyoya yamenyonyoka na mifupa ni myepesi kuvunjika. Anayechukua wawili wa hao asitegemee trei za mayai. Awape chokaa ya mifugo au maganda yaliyosagwa, awape udongo wa kuogea na jua, aone watakavyobadilika.

Nawaomba watu wawachukue, ila si kiholela. Mimi nilijifunza kwa uchungu. Kuku wangu wa pili nilimwingiza moja kwa moja kwa wenzake bila kumtenga. Baada ya wiki moja ugonjwa wa mdondo ukaingia: kinyesi cha kijani, shingo kupinda, nikazika sita ndani ya siku nne. Tangu hapo mgeni anakaa peke yake mwezi mzima, chombo chake cha maji hakichanganywi na vya wengine, na yeye ndiye ninayemhudumia wa mwisho. Wenyeji wote wanapata chanjo ya mdondo iitwayo I-2, tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3. Chupa moja inatosha kuku wengi, hivyo tunachanga na majirani. Na watoto wakishamshika kuku waoshe mikono kwa sabuni.

Bata ana mambo yake. Niliyempata alikuwa na macho yaliyogandana kwa matongo, nikanunua dawa, hayakupona. Mzee mmoja wa kata ya Ng'ambo hapa Tabora aliyefuga bata tangu ujana wake akaniambia, "Mwanangu, mpe maji ya kuzamisha kichwa." Nikajaza beseni. Alitumbukiza kichwa chote, akapuliza pua, akarudia tena na tena, akajimwagia maji mgongoni, kisha akapiga mabawa mpaka nikalowa. Siku ya tatu macho yalikuwa safi. Hahitaji bwawa, beseni linatosha, mradi maji yabadilishwe kila siku. Asilishwe mkate. Na bata dume asiachwe na matetea wa kuku bila majike wa kwao, kwani huwapanda na kuwaumiza.

Vifaranga wa bata wa porini ambao vijana huwakamata kwenye Bwawa la Igombe ni suala tofauti. Wale ni wanyamapori, wanalindwa na sheria ya mwaka 2009, si wa kufugwa uani kwa mtu. Waachwe walipo, na aliyejeruhiwa apelekwe kwa maofisa wanaohusika.

Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008, nayo haiishii kwa ng'ombe na punda. Kwa wachuuzi ombi langu ni tenga badala ya kamba. Tenga lisijazwe kupita kiasi, na waliomo wapewe maji kabla ya kupakiwa kwenye basi au treni. Kwa uongozi wa stendi na stesheni naomba kivuli, ndoo ya maji na sehemu moja inayojulikana ambapo kuku au bata aliyeumia atawekwa, ofisa mifugo wa kata amwangalie, na anayetaka kumchukua amchukue.

Banda langu la kutengea wageni sasa hivi lina nafasi ya kuku wanne. Wachuuzi wanaonifahamu pale stendi wasimtupe hata mmoja kabla ya kuniita.

Mama mfugaji,
Kanyenye, Tabora