Risala ya wahamasishaji wa afya ya mifugo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba, Mbagala, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mtendaji wa Kata, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wazee wetu, walimu na wanafunzi, itifaki imezingatiwa.

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tunajua una majukumu mengi, na tumefarijika kwamba safari hii hatukuletewa mwakilishi.

Kikundi chetu kilianzishwa na wafugaji wachache wa ng'ombe wa maziwa na kuku waliochoka kupata habari za magonjwa vijiweni. Mafanikio ni makubwa. Tumeingia shule za msingi zote za jirani, mabango yetu yapo hadi kwenye mabucha, na leo hakuna mtoto hapa asiyejua kwamba aking'atwa na mbwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahishwe hospitali. Umewasikia wenyewe kwenye ngonjera yao.

Mheshimiwa, mengine yamo kwenye nakala uliyokabidhiwa. Turuhusu tuseme jambo moja.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini kinazuilika. Kati ya wagonjwa 100 duniani, 99 huambukizwa na mbwa, na mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, maambukizi hukatika. Kisiwani Pemba kiliondolewa kwa chanjo, kikarudi, kikaondolewa tena kwa njia ileile. Ndiyo maana tangazo letu ni fupi: leta mbwa wako achanjwe. Sasa tutangaze nini ikiwa chanjo haipo?

Mwaka juzi, kwenye uwanja huuhuu, mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi chanjo na kipaza sauti. Tukapewa tarehe, tukatangaza misikitini na makanisani. Siku ilipofika, watoto walikuja na mbwa wamewafunga kamba, wakakaa juani hadi adhuhuri. Chanjo haikuja. Barua zetu za kukumbushia zimejibiwa kwa heshima kwamba suala linafanyiwa kazi, na tunashukuru kwa majibu hayo.

Ila tulipopita tena na tangazo, watu hawakutufungulia milango. Wengine walianza kuwatilia mbwa sumu, kwa sababu walitajiwa hatari bila kupewa njia ya kujikinga. Wanaokufa kwa sumu ni pamoja na mbwa waliokwisha kuchanjwa, na nafasi zao huchukuliwa na wasiochanjwa. Baya zaidi, mtoto akihofia mbwa wa kwao atauawa, huficha kwamba ameng'atwa. Huyo ndiye tunayemlilia, Mheshimiwa, maana chanjo ya hospitali humwokoa akiwahishwa tu.

Tunaomba chanjo za mbwa, na tarehe iliyoandikwa. Tunaomba Afisa Mifugo aitangaze yeye mwenyewe, kwa kuwa maswali ya watu yanamhitaji mtaalamu. Zikichelewa tuambiwe mapema, nasi tutawaambia wananchi ukweli huo kabla hawajafunga mbwa wao kamba. Kipaza sauti kimoja kinatutosha, pikipiki tunazo.

Kwa unyenyekevu, tunaomba tarehe hiyo uitamke leo, kabla hujapanda gari, Mtendaji aiandike na Mwenyekiti aibandike kwenye ubao wa matangazo.

Tunaomba kuwasilisha.