Bamvua ni umbo la anga, wanafunzi wa Pwani waonyeshwe

Mhariri,

Maneno kuhusu siri ya anga yamezidi siku hizi. Vijana wanaambiwa kwamba ulimwengu tunaouona ni pazia tu, kwamba nyuma yake kuna muundo uliofichwa, na kwamba anayetaka kuujua sharti alipie mafunzo au avae kijiwe shingoni. La kwanza lina ukweli ndani yake, kwani anga ina umbo lisiloonekana kwa jicho. Lakini hilo la kulipia ni uongo mtupu. Umbo hilo lilikwisha kupimwa, na milinganyo yake Albert Einstein aliiwasilisha Berlin tarehe 25 Novemba 1915. Mtu wa Mombasa huona kazi ya umbo hilo kila siku pale kivuko cha Likoni, maji yanapojaa na kupwa.

Ombi letu ni kwamba shule za upili za Pwani zifundishe jambo hili kwa mikono, na kifaa cha kuanzia ni chupa ya maji.

Chukua chupa ya plastiki ya nusu lita. Itoboe tundu moja kwa msumari uliopashwa moto, upana milimita 3 au 4, sentimita 2 juu ya kitako. Ziba tundu kwa kidole, jaza maji, kifuniko kiache wazi. Ukiondoa kidole maji yanafoka. Sasa iachie chupa kutoka kimo cha mita 2. Kwa muda wote wa kuanguka, takriban sekunde 0.64, maji hayatoki. Jicho halitoshi kushuhudia, kwa hiyo rekodi kwa simu inayopiga picha 120 kwa sekunde. Utapata picha zaidi ya 70 za kukagua moja moja.

Wengi hukosea hapa. Kifuniko kikifungwa maji hukatika hata chupa ikiwa mezani, kwa kuwa hewa haiingii juu, na jaribio linakuwa halina maana. Tundu likiwa dogo mno, utando wa maji hulishikilia. Chupa ikitupwa kwa kuzungushwa, mzunguko wenyewe hurusha maji nje. Matone yaliyotoka kabla ya kuiachia yataonekana yakishuka sambamba na chupa. Hayo yasihesabiwe, tazama tundu. Kisha irushe chupa juu bila kuizungusha. Hata inapopanda, maji hayatoki. Hapo ndipo darasa hunyamaza.

Sababu ni kwamba maji hufoka kwa kukandamizwa na uzito wa maji yaliyo juu yake. Kilicho katika kuanguka huru hakina uzito wa kukandamiza kitu. Wazo hili Einstein alilipata mwaka 1907: anayeanguka hausikii uzito wake. Uzito tunaousikia tukiwa tumesimama ni sakafu inayotusukuma.

Kama kuanguka kunaufuta uvutano, basi kinabaki nini? Jibu liko baharini.

Dunia nzima ni kama ile chupa. Inaanguka daima kuelekea Mwezi na kuelekea Jua, ndiyo maana hatusikii mvuto wa Jua, ingawa Jua huivuta Dunia karibu mara 180 kuliko Mwezi. Ila Dunia ni pana. Upande unaouelekea Mwezi huvutwa zaidi kidogo kuliko kitovu, upande wa nyuma huvutwa pungufu, na pembeni hubanwa kuelekea ndani. Ukipiga hesabu, kuna mnyumbuko wa sehemu mbili katika mstari wa Mwezi, na mbano wa sehemu moja moja katika pande mbili zilizobaki. Jumla ni sifuri. Sifuri hiyo ndiyo inayosemwa na mlinganyo wa Einstein kwa mahali pasipo na maada. Baki hili haliondolewi na kuanguka kwa namna yoyote, na ndilo linaloitwa mpindo wa anga na wakati. Sisi tunalijua kwa kazi yake, yaani kujaa na kupwa, na kilele chake tunakiita bamvua.

Baki hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Mwanafunzi ahesabu mwenyewe: Jua lina maada mara milioni 27.1 ya Mwezi, na liko mbali mara 390. Gawanya milioni 27.1 kwa 390 × 390 × 390, utapata 0.46, yaani baki la Jua ni 0.46 ya baki la Mwezi. Mwezi unapoandama, na unapokuwa mpevu, nguvu hizo hujumlika kuwa 1.46. Mwezi ukiwa nusu hukatana, zikabaki 0.54. Uwiano wake ni 2.7. Sasa linganisha na bandari ya Kilindini, ambako wakati wa bamvua, nguvu zinapojumlika, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na wakati wa maji mafu, zinapokatana, hushuka hadi mita moja hivi. Hesabu ya karatasini na maji ya kivukoni vinakaribiana.

Kuna kosa linalorudiwa hata vitabuni, kwamba Mwezi huyanyanyua maji. Baki la Mwezi ni kama sehemu moja kwa milioni 9 ya uzito wa maji, haliwezi kunyanyua kitu. Linachofanya ni kuyasukuma maji kwa ubavu, katika bahari nzima, hadi yakusanyike. Ndiyo maana maji ya kisimani hayajai na kupwa kwa kuvutwa na Mwezi yenyewe.

Mpindo huugusa wakati pia. Saa za setilaiti za GPS, kilomita 20,200 juu, huenda mbele kwa maikrosekunde 45 kwa siku kwa kuwa uvutano huko ni hafifu, na hurudi nyuma maikrosekunde 7 kwa sababu ya mwendo wake. Zinabaki 38. Kwa kasi ya nuru hilo ni kosa la kilomita 11 hivi kwa siku, kama kutoka Likoni hadi Bamburi. Kwa hiyo mtambo wa saa hizo hutegwa kabla ya kurushwa uende kwa megahezi 10.22999999543 badala ya 10.23. Mvuvi mwenye GPS mashuani anaitumia milinganyo ya 1915.

Tusisahau pia kwamba setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo ya uhuru wa Kenya. Vipimo vyake vya Cygnus X-1, chanzo cha eksirei angani, vilisaidia kuonyesha kwamba mashimo meusi yapo kweli. Ni aibu mtoto wa Kilifi akimaliza shule bila kulisikia.

Kama anga imefumwa kwa chembe ndogo ndogo chini kabisa, hilo bado halijapimwa. Kipimo kinachotajwa, cha mwanafizikia Max Planck, ni mita 0 nukta, sifuri 34, kisha 16, na hakuna chombo kinachokikaribia. Anayeuza uhakika kuhusu hilo anauza hewa.

Kwa shule iliyo tayari, kazi ya pili baada ya chupa, ya kupima kujaa na kupwa, ni hii. Funga bomba la plastiki la inchi 4 wima kwenye gati, kwa idhini ya wenyewe, kitako kikiwa chini ya maji ya kupwa sana. Ziba kitako, uache tundu la sentimita moja tu, ili mawimbi yasichezeshe maji ya ndani. Shusha ufito uliotiwa alama kila sentimita 5, soma kila nusu saa mchana, kwa siku 15. Tundu likaguliwe kila maji yakipwa, maana viumbe vya magamba huliziba na mchoro wa vipimo hulala. Na kwa kuwa bamvua huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, kipimo kianze siku tatu kabla yake.

Walimu wa fizikia,
Mombasa