Rombasi si ya kukariri

Mhariri, salamu. Naomba nafasi kidogo nitoe dukuduku langu kuhusu vile watoto wanavyofundishwa pembe za rombasi, lile umbo la pande nne zenye urefu sawa. Wanapewa orodha: pembe zinazotazamana ni sawa, zinazofuatana jumla yake nyuzi 180, mistari ya kona kwa kona inakatana kwa nyuzi 90 na inagawa pembe nusu kwa nusu. Haya kariri, kesho mtihani. Baada ya muda mtoto ashachanganya na mstatili, anakwambia ile mistari ya kona kwa kona inalingana urefu, na simlaumu kabisa maana hakuna aliyemwonyesha haya mambo yanatoka wapi.

Yote yanatoka kwenye kitu kimoja tu, pande nne kulingana. Chora rombasi yenye kona ya nyuzi 70 halafu unganisha zile kona mbili butu, yaani zinazozidi nyuzi 90, hapo unapata pembetatu mbili, kila moja ina pande mbili sawa. Ya kwanza juu ina 70, zinabaki 110, na kwa kuwa pande ni sawa basi pembe za chini nazo sawa, 55 na 55. Pembetatu ya pili ina pande zilezile kwa hiyo pembe ni zilezile, ndo maana kona ya kutazamana nayo ni 70 na kila kona butu ni 55 mara mbili, yaani 110, imegawanyika katikati bila kubahatisha. Sasa piga mstari wa pili, 70 inakuwa 35 na 35, kisha chukua kipembetatu kimoja kati ya vile vinne: 35 jumlisha 55 ni 90, kwa hiyo pale katikati lazima iwe 90. Hamna kukariri hapo!

Na kama mtu anataka kuiona kwa macho aangalie jeki ya gari, ile ya kukunjuka kama mkasi. Vyuma vinne urefu mmoja, unazungusha skrubu, kona za pembeni zinasogeleana na za juu na chini zinaachana, pembe zinabadilika muda wote ila mistari ya kona kwa kona haiachi kukatana kwa nyuzi 90, ndo maana gari linapanda wima, haliendi upande.

Kitu kingine kinachoniuma ni mtoto kuwekewa kosa akisema mraba ni rombasi. Ni kweli Euclid, mwanahisabati Mgiriki wa miaka kama 300 kabla ya Kristo, aliitenga rombasi na mraba, lakini hisabati ya leo inauhesabu mraba kama rombasi ambayo pembe zake zote ni 90, na hoja ile ya pembetatu mbili inafanya kazi vilevile, 45 na 45. Sasa kwa nini tumkate maksi?

Hata kugawa pembe kwa bikari ni rombasi hiyohiyo, ukiacha bikari na upana uleule unakuwa umejenga pande nne sawa, ila wengi wanafundishwa stepu tu bila kuambiwa kwa nini inakubali.

Ombi langu kwa walimu na watunga mitihani, wapeni watoto pembe moja tu, tuseme 60, waambieni watafute zingine zote na waeleze kwa nini ule mstari mfupi wa kona kwa kona unalingana na upande.

Msomaji wenu