YAH: MALALAMIKO KUHUSU MATENGENEZO YA MASHINE YA BOTI

Utende, Mafia
14 Agosti 2024

Kwa Meneja wa Karakana,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mwezi Juni niliwaletea mashine yangu, Yamaha Enduro ya farasi 40. Ni ya zamani, niliinunua mkononi, na ndiyo inayovusha watu kati ya Utende na Jibondo. Shida yake niliieleza wazi: inatoa maji kwa kusuasua na inachemka. Mlinitoza shilingi 420,000. Risiti yenu inataja impela mpya (feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza mashine), thamostati mpya (kidhibiti joto), na kufungua silinda hedi, yaani kichwa cha silinda, ili kusafisha njia za maji.

Impela mlibadilisha, hilo nalikubali. Mlinitumia hata video, mashine ikiwa kwenye pipa na maji yakiruka vizuri kwenye kitundu. Lakini fundi anajua kwamba maji yale yanaonyesha pampu inasukuma tu. Hayathibitishi kwamba yanazunguka kwenye njia zinazopoza silinda.

Tarehe 20 Julai, safari ya tatu tangu mnirudishie, nilikuwa na abiria 9, mmoja wao mama mjamzito anayewahi kliniki. Nguvu ilipungua, nikasikia harufu ya rangi inayoungua, kisha mashine ikakaza na kuzima. Maji yalikuwa yanatoka. Anayeijua Ghuba ya Chole, tunayoivuka, anajua mkondo wa wakati huo unampeleka mtu wapi: mlango wa Kinasi, kisha bahari kuu, na huu ni msimu wa kusi. Nanga ya kwanza iliburura. Ya pili ndiyo iliyoshika, tukakaa hapo hadi wavuvi walipokuja kutuvuta. Yule mama alilia muda wote, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Fundi wa huku aliifungua mashine nikiwa nimesimama pembeni yake. Boliti za silinda hedi zilikuwa bado na rangi yake ya zamani, haijapasuka hata kwenye boliti moja. Spana yenu haikuzigusa. Ndani, njia za maji zilikuwa zimejaa chumvi iliyoganda, ikabidi aichokoe kwa waya. Kwenye bomba la shaba linalopandisha maji tulitoa kipande cha mpira, jani la impela ya zamani. Impela ikitoka na majani pungufu, yaliyokatika hutafutwa kabla ya kufunga mpya, kwa sababu yamekwenda juu na maji. Na thamostati mpya haikuwamo. Ya zamani mliitoa, mkarudisha kifuniko chake bila kitu ndani.

Nilipopiga simu kijana wenu alinijibu, "Mzee, mashine imechoka." Uzee wake niliujua, na ndiyo maana nililipia isafishwe. Kilichoiua ni kazi mliyoandika kwenye risiti bila kuifanya.

Naomba mnirudishie shilingi 190,000 za thamostati na usafishaji, na mgharamie pistoni ya juu iliyokwaruzika pamoja na kuchonga silinda yake. Waranti yenu ya kazi ni miezi 3 na haijaisha. Kipande cha mpira ninacho, na picha za boliti nimeziambatisha. Nikikosa jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Mashine nyingine za wavushaji wa huku ziko kwenu sasa hivi. Tafadhali zifungueni hedi kabla hazijarudi majini.

Mmiliki wa boti