Leseni kwanza, mtaro baadaye: taarifa yangu ya mwaka kwa wanachama

Asalam aleikum ndugu zangu na dada zangu, na wale wa vijiji vya Hindi na Mokowe huko bara poleni na safari. Katiba yetu yataka mwenyekiti kila mwaka asimame aseme chama chetu cha wakulima na wavuvi wa Lamu kimefanya nini, kwa hivyo naanza na bomba la mafuta moja kwa moja maana ndilo lililokula mwaka wetu.

Mpango wenyewe mwaujua, litoke Lokichar huko Turkana lishuke mpaka hapa Lamu, kilomita 820 hivi, na ni kipande cha ile LAPSSET, mradi wa bandari, barabara, reli na bomba, iliyozinduliwa Machi 2012 Kibaki alipokuja na Salva Kiir na Meles Zenawi. Mafuta ya Turkana yana nta nyingi, yakipoa yaganda, ndo maana bomba lazima lipashwe moto njia nzima, na mwisho wake ni matangi na meli kupakia huku kwetu. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na mkoko wapumua kwa ile mizizi iliyochomoza kwenye tope, mafuta yakiigandia mti wafa umesimama, na kamba na kaa na vile vifaranga vya samaki vinavyojificha mle vyaenda nao.

Nimeulizwa sana mwaka huu kama chama kinapinga maendeleo, hata msikitini nimeulizwa. Jibu langu ni moja kila mahali: tunapinga mtu kuchimba kabla hajapewa leseni ya mazingira, basi. Sheria ya mazingira ya 1999 iko wazi, ripoti ya athari kwanza, wenyeji wasikizwe, NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, iamue, kisha ndo tingatinga. Sasa mtu akianza kulaza mabomba halafu ndo aje kuuliza, hayo si maulizo tena, kwa sababu pesa ishaingia ardhini na hakuna afisa atakayethubutu kusema ng'oa, na hata swali la kama lipite huku ama lizunguke kule linakuwa halina faida maana mtaro ushapita.

Haya si maneno ya kuwaogopesha, tumeyaona kwa bandari ya Lamu. Bahari ilichimbwa, njia ya maji ya Mkanda ikavurugika, kesi ilifunguliwa 2012 na hukumu ya mahakama kuu ikatoka 30 Aprili 2018, miaka 6. Tulishinda, mahakama ikasema haki ya mazingira safi na haki ya kupewa habari zilivunjwa, ikaamuru wavuvi 4,600 hivi walipwe shilingi bilioni 1.76. Lakini niambieni nyie mnaovua, hukumu ile iliwarudishia maji ya kuvulia? Pesa zenyewe zilingojwa mpaka wengine wakatangulia mbele ya haki hawajazishika. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe Kwasasi, hapa hapa Lamu, ulikuwa tofauti, leseni ilipotolewa 2016 watu walikimbilia tribuno ya mazingira, ile inayosikiza rufaa za leseni, mapema hakijajengwa kitu, na Juni 2019 tribuno ikaifuta kwa sababu wananchi hawakushirikishwa sawasawa. Pale Kwasasi hapakuwa na kitu cha kubomoa. Hiyo ndo tofauti ninayotaka muishike.

Sasa ya mwaka wenyewe. Mzee mmoja mwanachama wetu upande wa Hindi aliamka akakuta vigingi vimepigwa katikati ya mikorosho yake, hakuna aliyemwambia kitu, na tulipowafuata wale vijana waliovipiga wakasema wao wametumwa tu. Tuliandika barua kuomba tuonyeshwe leseni, kifungu cha 35 cha katiba ya Kenya kinatupa haki hiyo ya kupewa habari, tukaandika ya pili, mpaka naandika hapa hatujajibiwa. Sitotaja jina la kampuni maana jambo liko kwa wakili.

Jengine lililoniuma ni mikutano. Watu waliitwa, wakapewa soda na nauli, wakatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na baadaye karatasi ile ile tukasomewa kama ushahidi kwamba wenyeji wamekubali!! Jamani. Kuanzia sasa kabla hujatia sahihi andika pale juu kwa mkono wako "nimehudhuria, sijakubali", na piga picha ya karatasi. Kina mama wa kikundi cha mikoko walianza hivyo mkutano uliofuata na yule msimamizi alikasirika, lakini hakuna aliyeweza kuwazuia, na mimi nawashukuru sana kwa sababu walikuwa na ujasiri kutushinda sisi wanaume tuliokaa nyuma.

Mjue pia leseni ikitoka hapo ndo saa inaanza kuhesabu, kuna siku 60 za kukata rufaa tribuno, zikipita mlango umefungwa. Ndo maana vijana wawili wanasoma magazeti na gazeti la serikali kila wiki, naomba wachangiwe pesa ya bando.

Michango imeingia kidogo, mweka hazina atasoma hesabu yake mwenyewe. Katibu wetu amehamia Mombasa kikazi na kiti chake kiko wazi, ningependa achukue mtu wa Hindi maana bomba litapita kwenu kwanza. Mkutano ujao mje na kopi za karatasi za mashamba na leseni zenu za uvuvi, wakili atazihitaji zote, na asiyekuwa na karatasi aje na majirani wawili wanaolijua shamba lake.