Sarufi ya SAT: kesho usiku

Wapendwa, kesho saa mbili usiku tunaanza sarufi ya SAT, ule mtihani wa kuombea nafasi katika vyuo vikuu vya Marekani. Kumbukeni, sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, kwa hiyo tusipoteze muda kukariri istilahi. Nimepitia majibu yenu ya jana: mkato ndio unaotuangusha. Mkato peke yake hauunganishi sentensi mbili kamili. Weka nukta, nukta mkato, au mkato pamoja na kiunganishi. Na kwenye “orodha ya vitabu”, kitenzi kinafuata orodha, si vitabu (wengi mlinaswa hapo, hata mimi zamani).

Kila mtu alete maswali matano aliyokosa, na aseme kwa nini alichagua jibu lile. “Lilisikika vizuri” si sababu. Atakayechelewa aingie kimyakimya, maikrofoni ikiwa imezimwa.