Tuuziwe sensa za magari kwa namba, si kwa jina la gari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotuumiza wengi tunaoendesha magari yaliyotoka Japani yakiwa yameshatumika: kuuziwa sensa, yaani vifaa vidogo vya umeme vinavyoipimia injini mambo kama hewa inayoingia, bila namba wala jina la mtengenezaji.

Nina RAV4 ya mwaka 2003 ninayosambazia mayai kutoka Kibaha hadi Dar es Salaam. Mwezi wa tatu lilianza kunizimikia kila nikiachia mafuta, hasa kwenye foleni ya Kimara, trei arobaini ziko nyuma na magari yananipigia honi. Taa ya injini ikawaka. Fundi akachomeka mashine ya kupima, ikatoa alama ya hitilafu P0171, maana yake hewa ni nyingi na petroli ni pungufu. "Mama, hiyo ni sensa ya hewa. Nunua mpya."

Kariakoo niliambiwa sensa ya RAV4 ni adimu, bei 260,000. Nikalipa. Ilifanya kazi siku kumi na tisa, gari likaanza tena kuzima. Niliporudi dukani nikaoneshwa karatasi ukutani: vitu vya umeme havirudishwi. Risiti yangu imeandikwa "spea", basi. Hakuna namba, hakuna jina la mtengenezaji, kwa hiyo sikuwa na cha kushika mkononi nikadai haki yangu.

Fundi umeme wa Ilala ndiye aliyenifumbua macho. Aliomba ile sensa ya zamani, nami kwa bahati nilikuwa sijaitupa. Akaigeuza, akafuta vumbi kwa kidole gumba, na juu ya plastiki yakatokea maandishi: jina la mtengenezaji, DENSO, na namba 22204-22010. Akanieleza kwamba kwenye namba za Toyota tarakimu tano za mwanzo hutaja aina ya kipuri, na tano zinazofuata hutaja ni toleo lipi. Namba hiyo hiyo imefungwa kwenye Corolla na Toyota nyingine nyingi za miaka ile. Kumbe sensa niliyoambiwa ni adimu imejaa kwenye magari yaliyokatwa kuuzwa spea!

Kabla ya kuniuzia chochote alijaribu kuisafisha. Ndani yake kuna waya mwembamba sana unaopashwa moto kwa umeme. Hewa inayoingia kwenye injini huupoza, na umeme unaohitajika kuurudishia joto ndio unaoonesha hewa ni kiasi gani. Waya ukishika vumbi na mafuta, hesabu inakuja pungufu na petroli inapunguzwa. Dawa yake ya kupuliza ipo, ya sensa hasa, si ile ya kabureta, na waya haufutwi kwa kitambaa. Yangu haikuamka, lakini kujaribu kuligharimu bei ya kopo tu. Akakagua pia mipira ya hewa, kwa sababu mpira uliopasuka ukivuta hewa pembeni huleta P0171 hiyo hiyo. Fundi wa kwanza hakugusa hata mmoja.

Sensa niliyonunua ni ya mtumba, Denso, namba ile ile, kwa 70,000, na nililipa baada ya kuifunga na gari kunguruma dakika ishirini bila kuzima. Sina neno na spea za mtumba. Sensa yenye jina iliyofanya kazi miaka kumi naiamini kuliko mpya iliyotoka kwenye boksi zuri lisilo na namba.

Ninawaomba wenye maduka waandike kwenye risiti namba ya kipuri, mtengenezaji, na kama ni kipya, cha mtumba au cha kuiga, kisha watupe angalau siku chache za kubadilishiwa. Cha kuiga nacho kiuzwe kwa jina lake, wapo wanaokihitaji. Tume ya Ushindani (FCC) inayo Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 na imezoea kukamata bidhaa bandia. Ninaiomba ifungue na maboksi ya sensa, maana kitu kidogo kama hiki kinaweza kulizima gari katikati ya barabara kuu malori yakija kwa nyuma.

Na linawezekana. Kijana aliyeniuzia pale Ilala alichukua kalamu akaandika chini ya risiti: 22204-22010, Denso, ya mtumba, siku saba. Hakuniongezea bei hata shilingi.

Msambazaji wa mayai,
Kibaha, Pwani